Nafasi ya Katikati

Rusimbi, Ujiji
4 Septemba 2023

Mjomba Dismasi,

Shikamoo. Huku tunapumua. Mama anakusalimu sana. Mguu umepungua kuvimba, na amerudi pale kona kuuza mawese na kugombana na wanaoonja bila kununua, kwa hiyo ujue ndugu yako ni mzima. Mvua bado. Umeme unakuja na kuondoka bila kuaga.

Kuhusu kaka yangu Bariki hatujapata neno. Boti lao lilipakia saruji kwenda Moba, Kongo, tangu Julai. Wenye boti wanasema injini huharibika, watu wakakaa ng'ambo kusubiri kipuri, tusiwe na haraka. Lakini fundi wa injini wa boti lile ni Bariki mwenyewe. Mama hajaliuliza swali hilo, nami simkumbushi. Ninyi wa Ilagala mnapata habari za ziwa kabla yetu. Ukisikia lolote, niandikie.

Sasa shida ya pili, ambayo labda ina dawa. Ile kamera ya mtumba niliyonunua uliponiachia studio haishiki. Yaani inashika, halafu haishiki. Nabonyeza kitufe nusu, lenzi inazunguka, inalia pip, naona imeridhika, napiga. Nikichapisha, mtoto wa mbele kope zake zinahesabika, na wazazi wake wametoka kama wamepigwa picha ndani ya supu. Picha inayofuata, watu walewale, mahali palepale, wote safi. Nimefuta lenzi. Nimebadilisha betri. Nimeisemesha vizuri, nimeitukana. Wateja wameanza kunitazama kama mtu aliyekunywa.

Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaanze kuchagua maneno ya kusikia, barua ndiyo njia pekee ya kukufikishia jambo zima. Nampa Sindayigaya wa boti la Ilagala. Anasema ataificha kwenye kofia isilowe.

Mpwa wako,
Recho


Ilagala
19 Septemba 2023

Recho mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na harufu ya kichwa cha Sindayigaya, lakini inasomeka. Mimi sijambo. Maji ya ziwa yamepanda hadi nyuma ya nyumba ya katekista, naye kila Jumapili anatuhubiria habari za Nuhu huku akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliotoboa mbingu.

Kuhusu boti, sijasikia kitu. Nikisikia nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kamera. Kwanza tazama ubavuni mwa lenzi, kuna kaswichi. Kasiwe kanacheza katikati ya herufi mbili, ya kushika yenyewe na ya kushika kwa mkono. Pili, itoe lenzi, vile vipande vya shaba vinavyogusana na kamera uvifute kwa kitambaa kikavu. Nimesema kikavu. Nakujua, utachukua khanga ya mama yako yenye mawese. Tatu, na hapa ndipo ninapodhani ugonjwa ulipo: unapochungulia, unaona vidoti vingi, na umeiachia kamera ichague. Kamera iliyoachiwa kuchagua ni kama mgeni kwenye sinia, inashika kilicho karibu. Goti la mtoto. Tumbo la bwana harusi. Zima vidoti vyote, bakiza cha katikati. Hicho ndicho jicho lake lenye nguvu. Pia iondoe kwenye ule mtindo wa kufuatafuata vitu vinavyokimbia. Watu wa Rusimbi wakija studio hawakimbii.

Ukisha, panga chupa za mawese za mama yako kwenye benchi, moja nyuma kidogo ya nyingine, shika ya kati, upige. Ya kati ikitoka safi, kamera ni nzima. Ikitoka safi ya mbele yake au ya nyuma yake, tutaongea lugha nyingine.

Zama zangu hakukuwa na pip. Nilifunga uzi kwenye stendi, nikauvuta hadi puani kwa mteja, nikajua umbali. Wazee wengi walikimbia wakidhani nawapima jeneza.

Msalimie mama. Msalimie Bariki akifika, mwambie aliyeacha nusu ya kidole kwenye feni ya injini hastahili kuitwa fundi, anastahili kuitwa kipuri.

Mjomba wako,
Dismasi


Rusimbi
15 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mama amecheka hilo la kipuri mpaka akakaa chini. Alinitaka nimsomee salamu mara mbili. Mambo ya vidoti aliniruhusu kuyaruka. Bado kimya cha ng'ambo.

Chupa ya kati ilitoka safi hadi mbegu ya mchikichi iliyonasa shingoni ikaonekana. Nikabakiza kidoti cha katikati kama ulivyoagiza. Mjomba, nilipata raha! Komunio ya kwanza, harusi ya Katubuka, picha za vitambulisho, zote kali. Nikaanza kutembea na kamera kifuani kama mwenyekiti wa mtaa.

Halafu akaja Mzee Feliksi na familia yake. Kijana wao wa mwisho alikuwa kwenye dagaa. Wakasimama kwa desturi, ile uliyoianzisha wewe mwenyewe hapa studio: aliye ziwani anaachiwa nafasi katikati, akirudi wanakuja kupiga nyingine akiwa ameijaza. Kidoti katikati, pip, nikapiga. Wote ukungu. Baba, mama, mabinti, wote. Nikarudia, ukungu. Nikawaambia ni joto. Kabla hata hawajaja kuchukua picha, kijana akaokotwa ufukweni Kibirizi.

Siku zilezile alikuja Skolastika mshona nguo, ambaye mumewe alikuwa amekwama Kalemie. Yeye hataki nafasi ya mumewe iwe wazi, asije akaikalia mtu. Akaweka kiti chake na kofia juu ya kiti. Picha ikatoka safi kama maji ya mtungi. Mumewe akashuka na boti wiki ileile, na manung'uniko yake yote.

Toka hapo nimepiga familia mbili nyingine zenye nafasi. Zote ukungu. Moja imekwisha kupata habari. Nyingine inasubiri, na mama wa familia hiyo anapita hapa kila siku, haingii, anatazama mlango.

Mimi siamini mambo hayo. Nakuandikia tu unieleze lenzi ina nini.

Recho


Ilagala
2 Novemba 2023

Recho,

Marahaba. Huku ni wazima. Mbuzi amezaa mapacha. Maji yamefika mlangoni kwa katekista, sasa naye hatutazami tena.

Macho yangu si mazuri siku hizi. Miwani inapata ukungu.

Studio ile ina giza. Kamera ikikosa mwanga haioni pa kushika. Fungua dirisha la upande wa barabara, ongeza taa. Nguo nyeupe tupu au nyeusi tupu nazo huisumbua, kwa sababu inatafuta mistari na haipati. Jaribu. Kisha niletee picha zenyewe, nzuri na mbaya, kwenye karatasi. Usinitumie kwenye simu ya mtu; kwenye kioo cha simu kila kitu ni kizuri.

Msalimie mama yako. Mwambie asisimame sana juani.

Dismasi


Rusimbi
26 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mama amesikia salamu zako, akasema, "Mbona fupi?" Nikamwambia karatasi ilikuwa ndogo. Nami nasema, mbona fupi? Hukutaja boti hata kwa kusema hujasikia.

Nimefungua dirisha. Nimeongeza taa mbili. Wasio na nafasi wanatoka safi zaidi. Wenye nafasi, ukungu, ila sasa ni ukungu wenye mwanga mzuri.

Na mtaa umejua. Mwanzoni walinong'ona, sasa wanasema mchana. Kamera ya Recho inajua nani hatarudi. Wengine wanasema haijui, inachagua. Tofauti ya maneno hayo mawili, Mjomba, inaninyima usingizi. Wa kwanza wananiogopa. Wa pili wanatafuta pa kunipata. Jumanne kijana mmoja nisiyemjua alisimama mlangoni, akanisalimia kwa adabu zote, akagusa gusa mbao za ukuta, akaniuliza, "Dada, kibanda hiki ukuni wake ni mkavu namna hii mwaka mzima?" Nikamjibu wakati wa mvua huwa unalowa kidogo. Akasema, "Basi vizuri," akaenda zake. Toka siku hiyo kamera nalala nayo kwa mama, na ndoo za maji zimejaa studio kama nafungua dobi.

Hilo si kubwa. Kubwa ni hili: Mama anataka picha ya Noeli. Mimi, yeye, Shangazi Yunisi na watoto wake, na nafasi ya Bariki katikati. Amekwisha kushona gauni. Yeye ni mtu wa hapo kona, Mjomba, kila neno la Rusimbi linapita mbele ya chupa zake. Amesikia habari za kamera, na bado anataka. Labda ndiyo maana anataka. Nikipiga ikatoka ukungu, nitakuwa nimemzika Bariki kwa mkono wangu. Nimemwambia betri imekufa. Nimemwambia karatasi imekwisha. Jana nilimwambia lenzi ina mafua. Akanijibu, "Ipe tangawizi."

Nakutumia picha nane kwa Sindayigaya, nzuri na mbaya. Amezipokea akiwa ametazama pembeni, na amezifunga kwenye nailoni zikiwa zimelala kifudifudi. Nilipomtania nimpige yeye moja ya bure, alikanyaga maji hadi kiunoni kukimbilia boti.

Nisaidie.
Recho


Ilagala
8 Januari 2024

Recho mpwa wangu,

Heri ya mwaka. Usinihesabie siku. Boti la Sindayigaya lilikaa bila mafuta, picha zikakaa kwake, kisha zikanifikia zimeshikana, nikazitenganisha kwa maji ya uvuguvugu kama mtu anayemenya kitunguu.

Kamera yako ni nzima. Haina shetani, wala haina mafua.

Chukua picha ya Mzee Feliksi. Usitazame watu. Kosa lako umekuwa ukitazama nyuso tu, na ni haki yako, ndizo wanazotaka wateja. Tazama pazia nyuma yao, lile nililochora ziwa na meli. Itazame meli. Madirisha yake yanahesabika, hata lile nililokosea likawa na pembe tatu. Nyuzi za turubai zinaonekana. Kamera haikukosa kushika. Imeshika meli.

Nilikuambia ubakize kidoti cha katikati. Na watu hawa katikati wameacha wazi. Basi kidoti kimepita kwenye nafasi, hakikukuta pua wala shati, kikaenda hadi ukutani, kikashika meli, kikalia pip kwa furaha. Haikukudanganya, uliiambia itazame katikati, ikatazama. Skolastika aliweka kiti na kofia, kidoti kikapata kofia, na watu waliokuwa sambamba na kofia wakatoka safi. Mumewe angerudi hata kama angeweka ndoo.

Zama za uzi jambo hili lisingetokea. Uzi niliufikisha puani kwa mtu aliyepo. Sikuwahi kumpima asiyekuwepo.

Dawa: hamisha kidoti, kiweke juu ya jicho la mtu wa pembeni mwa nafasi. Ubane pia mdomo wa lenzi unaopitisha mwanga, usiuache wazi kabisa kwa sababu ya giza. Taa sasa unazo. Pazia lisogeze nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu. Nao waambie wote, na yule kijana wa kuni mwoneshe meli kwa kidole.

Picha ya mama yako, fanya unavyoona.

Dismasi


Rusimbi
21 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka Shangazi Yunisi akaja kuchungulia. Meli! Nikachukua picha zote mbaya, nikaitazama meli, nikaona hata jina ulilolifuta ukachora jingine juu yake.

Nikamwita yule mama anayepita kila siku. Nikampiga upya yeye na wanawe, kidoti jichoni, nafasi ikiwa palepale. Safi. Nikamwonesha na ile ya zamani, nikamwonesha meli. Alilia, akanishukuru, akaenda kuwaambia watu. Na unajua wanasemaje sasa? Kwamba kamera imetulizwa. Kijana wa kuni amenipungia mkono.

Halafu nikaacha kucheka, na nakueleza kwa nini.

Jumapili nilipiga picha ya mama. Gauni jipya, wote wamejipanga, nafasi ya Bariki katikati pana kuliko alivyokuwa mpana. Nikahamisha kidoti kwenye jicho la mama. Pip. Kisha kidole changu, sijui kilitumwa na nani, kikarudisha kidoti katikati. Pip. Nikapiga na hiyo. Sasa ninazo mbili mezani, zimekauka. Moja mama anacheka, safi. Nyingine mama ni ukungu, na meli nyuma yake inaondoka.

Zamani kamera ndiyo iliyokuwa inasema, nami nikaiogopa. Sasa nimejua haisemi kitu, na hofu haijaondoka, imehamia kwangu. Nikimpa iliyo safi, atasema Bariki yupo, ataanza kupika kwa ajili yake kila boti linapoingia. Nikimpa yenye ukungu, atafunga kitambaa cha msiba leo hii. Nimemwambia karatasi inakauka polepole.

Septemba uliahidi ukisikia utaandika siku hiyo hiyo. Toka hapo barua zako mbili hazitaji boti la Bariki. Wewe ambaye hata mbuzi akizaa unaandika. Basi sikuulizi habari za boti. Nakuuliza kama fundi wangu: nimpe mama picha ipi?

Recho


Ilagala
17 Machi 2024

Recho mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo. Maji yameingia kwa katekista, nimemkaribisha kwangu, kwa hiyo hata pa kujificha nikaandike sina. Anasali chumba cha pili. Nadhani ananisalia mimi.

Usimpe hata moja.

Mwishoni mwa Septemba, mdomoni mwa mto Malagarasi, wavuvi waliopoa mtu. Wakaniita mimi kwa sababu nimepiga picha nusu ya watu wa mwambao huu, wakasema Mzee Dismasi anajua nyuso. Uso haukuwepo wa kujua. Nikatazama mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa nusu, na kilikatwa zamani.

Niliulizwa. Nikasema miwani imepata ukungu, sioni vizuri, simjui. Miwani haikuwa na ukungu wowote. Sijawahi kuona kitu kikali namna ile maishani mwangu.

Tulimzika siku hiyo hiyo juu ya kilima, mbali na maji. Katekista alisali sala zote, hakufupisha. Nimeweka msalaba wa mti usio na jina, na nimekuwa nikienda kupalilia. Mama yako Regina ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Nilifikiri kadiri nisivyoandika, ile nafasi ni ya mtu anayekuja.

Piga ya tatu. Wapange walewale. Waambie wasogee.

Nitakuja Pasaka ikipita, ili nisimame naye akitaka kuja kuona. Nawe ukitaka kunikasirikia, fanya hivyo ana kwa ana, taratibu, na kwa sauti kubwa.

Dismasi


Rusimbi
3 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Usisubiri boti la Jumamosi, panda hilohilo lililokuletea barua hii. Matanga yameanza jana, na watu wanauliza kaka wa Regina yuko wapi.

Barua yako sikumsomea. Sikuweza. Jumatatu ya Pasaka nikawaita wote studio, nikasema ile ya Januari iliharibika, tupige nyingine. Mama akavaa gauni lilelile. Wakasimama, nafasi wakaiacha kama kawaida, pana. Nikachungulia, kidoti kikaanguka juu ya meli. Nikataka kusema "sogeeni", nikashindwa. Nikajifanya narekebisha lenzi. Shangazi Yunisi akasema, "Ina mafua tena hiyo?"

Mama alinitazama moja kwa moja kupitia kile kitundu. Kisha akasogea. Peke yake, hakuambiwa na mtu. Akaingia katikati, akasimama mahali pa Bariki, akawavuta watoto wa Yunisi wakamkalia miguuni.

Akasema, "Piga."

Nikamwambia, "Mama..."

Akasema, "Tangu Novemba kaka yangu hamsalimu Bariki. Unanisomea salamu mwenyewe, nasikia mbuzi, nasikia katekista, mwanangu simsikii. Nafasi hii nilikuwa nakuachia wewe, Recho. Nilidhani wewe ndiye hujui. Piga, miguu inaniuma."

Kidoti kilikuwa katikati, sikukigusa. Pip.

Imetoka safi, Mjomba. Ni kali kuliko picha zote nilizowahi kupiga, kila kope, kila mstari wa uso. Meli nyuma haionekani kabisa, ni rangi tu. Nimeichapisha kubwa, na tangu jana imelala mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuitazama mpaka mwisho.

Njoo na miwani yako.

Recho